Mzimu hauui mtu: riwaya za upelelezi na somo lake kwetu Ituri

Leo tuache kidogo habari za barabara na bei ya soko, tuongee juu ya vitabu. Nimemaliza kusoma riwaya kadhaa za upelelezi za Kiswahili, na nimeona zina neno linalotuhusu sana sisi watu wa Ituri.

Historia yake inaanzia Zanzibar. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa huko mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kazi ya magazeti. Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, alitoka wa kwanza kwa “Mzimu wa Watu wa Kale”. Riwaya hiyo ikachapwa mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kuvuta kiko na kuwaza, pamoja na rafiki yake Najum. Wengi humfananisha na Sherlock Holmes, ambaye Mskoti Arthur Conan Doyle alimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Lakini Msa ni Mzanzibari mtupu: anajua adabu za watu, koo zao, na siri zinazofungiwa ndani ya nyumba.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenye mashamba mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa penye mzimu. Mahali kama hapo ni rahisi kusema mizimu imekasirika, kisha kila mtu arudi kwake. Msa hakubali. Anauliza mmoja mmoja, anapima maneno, anafuata mambo ya ukoo na mali. Mzimu hauui mtu. Aliyeua ana jina, ana mikono, ana sababu. Muuaji simtaji hapa, msije mkanilaumu kwamba nimewaharibia utamu.

Baada ya Abdulla, Faraji Katalambulla alitoa “Simu ya Kifo” mwaka 1965, akatuhamisha kutoka mashamba na kutupeleka mjini Dar es Salaam, na upelelezi ukawa kazi ya polisi. Kisha akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika “Kufa na Kupona” ya mwaka 1974, habari ya hati za wapigania uhuru zilizoibwa. Katika “Kikosi cha Kisasi” ya mwaka 1979, Gamba anafika hata kwetu, Kinshasa, wakati nchi inaitwa Zaire. Mbio zake zinasisimua, huwezi kuweka kitabu chini. Lakini Gamba hutegemea sana bastola. Mimi nampenda zaidi Msa, kwa sababu silaha yake ni swali.

Kwa nini nayaleta haya hapa? Kwa sababu tangu vita vya mwaka 1999, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017, tumezoea kusikia mauaji yakisimuliwa bila muuaji. Wanasema tu: “Kabila fulani limeua.” Huo nao ni mzimu. Kabila halishiki panga, mtu ndiye anayelishika. Tukilaumu kabila zima, mwenye kosa anajificha katikati ya wasio na kosa, na kesho mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa analipizwa kisasi.

Mfano tunao karibu. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, katika teritwari ya Irumu, kilishambuliwa. Kule La Haye, CPI iliwashitaki watu wawili kwa shambulio hilo hilo. Mwaka 2012 Mathieu Ngudjolo aliachiwa, kwa kuwa ushahidi juu yake haukutosha. Mwaka 2014 Germain Katanga alipatikana na hatia ya kusaidia uhalifu ule, akapewa miaka 12. Wengi walinung'unika pande zote, na kila mmoja ana haki ya kusema maoni yake. Lakini angalieni namna ya kazi: shambulio moja, watu wawili, na kila mmoja akapimwa peke yake kwa ushahidi wake.

Hata wahanga walitazamwa mmoja mmoja. Mwaka 2017, kati ya maombi 341 ya fidia, majaji walikubali 297. Pesa zilikuwa kidogo, dola 250 kwa kila mtu, zaidi ya msaada wa pamoja. Hata hivyo kila mmoja alihesabiwa kama mtu.

Kwa hiyo, wazazi na walimu mlioko kambini, mkipata riwaya moja kati ya hizi, msomeeni vijana kwa sauti jioni. Kabla ya sura ya mwisho, funikeni kitabu. Waulizeni: “Nani ameua, na umejuaje?” Anayejibu “nimesikia watu wakisema” asikubaliwe. Anayejibu kwa alama aliyoiona kitabuni, huyo apigiwe makofi, hata kama amekosea.