Ibukizi

ibukizi *kv.* -enye kujitokeza ghafla juu ya kitu kingine. Hutumika hasa katika *dirisha ibukizi* (wingi *madirisha ibukizi*), yaani kisanduku kinachojitokeza juu ya ukurasa wa kivinjari kikidai jibu.

Asili. Kitenzi *ibuka* ni cha majini: kilichozama kikitokea juu, kimeibuka. Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, kiboko akiibuka mbele ya mtumbwi, mpiga kasia hana hiari ila kusimama mpaka mnyama apite. *Ibuka* huzaa *ibukia*, yaani kumtokea mtu ghafla, nayo *ibukia* huzaa *-ibukizi*, kama *tetea* inavyozaa *-tetezi*. *Zuka* pia lingefaa, ila limekwisha kubeba mizuka. Neno limeteuliwa vyema, maana dirisha la uthibitisho nalo husimamisha safari: msimbo wa ukurasa haupigi hata hatua moja hadi lijibiwe.

Matumizi. Dirisha la uthibitisho lina vitufe viwili. Chrome ya Kiswahili huviandika *Sawa* na *Ghairi*. Programu inayoendesha kivinjari badala ya mtu haiwezi kuvibofya kama inavyobofya vitufe vingine, kwa kuwa dirisha hilo ni mali ya kivinjari, si sehemu ya ukurasa. Kiwango cha WebDriver, kilichoidhinishwa na W3C mwaka 2018 na kufuatwa na Selenium, kina amri mbili mahususi: ya kukubali na ya kukataa. Programu isipoelekezwa, hukataa kisha hutoa taarifa ya hitilafu. Amri hizo hazisomi maandishi ya kitufe, hivyo lugha ya kivinjari haizidhuru. Wanaosumbuka ni watumiaji wa programu za kompyuta ya mezani zinazotafuta kitufe kwa jina lake: iliyoagizwa kutafuta «OK» itangoja bure mbele ya «Sawa».

Tanbihi. *Ghairi* ni kubadili nia: *Alitaka kuvuka kwenda Mafia, akaghairi.* Kwa sababu hiyo neno hilo lisitumiwe katika swali ambalo kitufe chake kimojawapo ni *Ghairi*. Tuseme mfumo wa tiketi za boti za Nyamisati unauliza, *Ungependa kughairi safari?* Abiria anayetaka kuiacha safari atabofya *Ghairi*, aondoke akiamini yamekwisha, kumbe alichoghairi ni kule kughairi, na tiketi ingalipo. Programu nayo, ikiwa imeagizwa kukataa kila dirisha bila kutoa taarifa, itapitia maombi mia ya abiria pasipo kufuta tiketi hata moja. Kuiagiza ikubali kila dirisha ni hatari zaidi, kwani siku ukurasa utakapouliza kama orodha nzima ifutwe, itajibu *Sawa*. Jambo la busara ni programu isome kwanza maneno ya dirisha, ndipo ijibu. Na mwandishi wa ukurasa aulize waziwazi: *Tiketi hii ifutwe?*

Taz. pia ghairi, thibitisha, zuka.