Matingatinga Yaliyozamishwa Santo

Karibu na mji wa Luganville, kwenye kisiwa cha Espiritu Santo nchini Vanuatu, kuna ufuo ambao mchanga wake umechanganyika na chuma. Maji yakitoka unaona ekseli, rimu za lori na vipande vya injini vilivyoshikana na matumbawe. Ukivaa miwani ya kuogelea ukaingia ndani, unakuta malori, magari ya Jeep, kreni na matingatinga, vyote vimelaliana kama yadi ya polisi iliyosahaulika. Mahali hapo panaitwa Million Dollar Point. Ukiona chuma chote kile utadhani kulikuwa na vita vikali pale. Wapi! Wenye mali waliiendesha wenyewe hadi baharini.

Ili kuelewa ilikuwaje, turudi nyuma kidogo. Vanuatu ni msururu wa visiwa mashariki mwa Australia, na wakati huo viliitwa New Hebrides. Tangu 1906 vilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja. Naam, wakoloni wawili kwa mpigo: polisi wa aina mbili, sheria za aina mbili, jela mbili. Na mwenyeji mwenyewe? Hakuwa raia wa Uingereza, wala wa Ufaransa. Kisheria, alikuwa mtu asiye na nchi akiwa amekaa kwao.

Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, kisha ikasonga kusini hadi visiwa vya Solomon, jirani kabisa. Mwaka wa 1942 Wamarekani wakatua Santo na kuigeuza kuwa moja ya kambi zao kubwa zaidi Pasifiki. Mashamba ya minazi yakawa viwanja vya ndege, hospitali, magati na barabara.

Meli maarufu zaidi iliyozama hapo pia haikuuawa na Mjapani. SS President Coolidge ilikuwa meli ya anasa, iliyoshushwa majini 1931, yenye urefu wa karibu mita 200. Vita vilipoanza iligeuzwa kuwa meli ya kubeba wanajeshi. Tarehe 26 Oktoba 1942 ilikuwa inaingia bandari ya Santo na watu zaidi ya 5,000 ilipogonga mabomu mawili yaliyotegwa baharini. Waliokuwa wameyatega ni Wamarekani wenyewe, kuilinda bandari yao. Nahodha akaipandisha meli kwenye mwamba ili watu washuke, na karibu wote wakatoka salama. Wawili tu ndio waliokufa. Mmoja wao, Kapteni Elwood Euart, alikuwa ameshaokoka, akarudi ndani kuwatoa wagonjwa waliokwama. Wao walitoka. Yeye hakutoka. Mabaki yake yalipatikana mle ndani baada ya takriban miaka 70, yakapelekwa kwao Marekani kuzikwa mwaka wa 2016.

Leo Coolidge imelala ubavu kwenye mteremko. Upande wa mbele uko kina cha kama mita 20, wa nyuma unakaribia mita 70. Wazamiaji wanatoka pembe zote za dunia kuiona. Wanashuka na mitungi ya hewa mgongoni, wanapita juu ya helmeti, bunduki na vinyago vya kujikinga na gesi, kisha wanaingia kumbi zilizokuwa za matajiri. Humo kuna sanamu ya kauri ya mwanamke akiwa na farasi mwenye pembe moja, ambayo zamani ilipamba ukumbi wa kuvutia sigara wa daraja la kwanza.

Kuiona sanamu hiyo si mchezo. Ukifika mita 40, shinikizo ni mara tano ya lile la nchi kavu, na naitrojeni unayoivuta inaweza kukulewesha kama umepiga chupa kadhaa. Kupanda nako ni polepole, kwa vituo, la sivyo ile naitrojeni inafanya mapovu kwenye damu, kama soda iliyofunguliwa kwa haraka. Noma sana.

Lakini hadithi za wazamiaji huwa zinaishia hapo: meli, askari, kina. Watu wa visiwa wanabaki pembeni, kama mandhari. Ilhali wao ndio walioajiriwa kupakua mizigo, kufyeka na kujenga. Na wao ndio walioona jambo lililowatikisa watawala kuliko bomu: watu weusi kama wao, ndani ya sare za jeshi la Marekani, wakiendesha malori na mashine kubwa. Jeshi hilo lilikuwa la ubaguzi, weusi na weupe katika vikosi tofauti, na kazi nyingi za sulubu waliachiwa weusi. Lakini kwa mtu aliyezoea kuamrishwa na mlowezi Mfaransa, kumwona mweusi kwenye usukani wa tingatinga kulitosha kumfanya aulize maswali.

Vita vikaisha 1945. Kuirudisha nyumbani mali yote ile kungegharimu pesa nyingi, na viwanda vya Marekani havikutaka soko lijae magari yaliyotumika. Wamarekani wakawaambia watawala na walowezi: nunueni, bei ya kutupa. Wale wakakaa ngumu. Walipiga hesabu kwamba jeshi likiondoka, kila kitu kitabaki bure. Wamarekani nao wakajenga njia ya kuteremkia majini, wakaanza kusukuma. Lori baada ya lori. Yasemekana hata makreti ya Coca-Cola yalienda.

Hebu fikiria fundi wa jua kali akitazama injini nzima nzima zikizama. Katika mabishano yale yote, mtu wa Santo hakuwa hata mezani. Hakuna aliyeuza kwake, hakuna aliyempa.

Kusini mwa nchi hiyohiyo, kwenye kisiwa cha Tanna, kuna vuguvugu la John Frum. Lilianza kabla ya Wamarekani kufika, watu walipochoka kukatazwa mila zao na wamisionari. Mwaka wa 1941 makanisa yakabaki matupu. Baadaye likachukua bendera ya Marekani, na hadi leo kila tarehe 15 Februari wanaume huandamana na bunduki za mianzi. Wageni wameandika mengi kuwacheka: eti wanasubiri mizigo ishuke kutoka mbinguni. Mimi naona tunacheka upande usiofaa. Mtu aliyeona shehena ikifika kila siku, kisha akaiona ikikoma, ana sababu ya kuuliza itarudi lini. Aliyezamisha tingatinga zima ili jirani asilipate bure, huyo ndiye wa kueleza dini yake ni gani.

Sisi tunaijua hesabu hiyo. Askari wa KAR walipigana na Wajapani hao hao kule Burma. Waliporudi Kenya, maveterani wazungu ndio waliotengewa mashamba. Mkoloni ni yule yule, vita ni vile vile.

New Hebrides ikapata uhuru tarehe 30 Julai 1980, ikajiita Vanuatu. Katiba yake ilisema ardhi yote ni ya wenyeji wa kimila na vizazi vyao. Mwaka wa 1983 serikali ikapiga marufuku kutoa chochote kutoka Coolidge. Ukienda Million Dollar Point siku hizi, mgeni hulipa kiingilio kwa wenye ardhi kabla ya kuvua viatu. Wajukuu wa wale ambao hawakuuziwa hata spana ndio wanaopokea hiyo pesa, kwa vatu, sarafu ya nchi yao.