Tarehe ya Waguajiro na Mifugo Yao

Kaskazini kabisa mwa Amerika ya Kusini iko rasi kavu iitwayo Guajira, ambayo sehemu yake kubwa imo Kolombia na ukanda wa mashariki umo Venezuela, na wenyeji wake, Waguajiro, ambao wenyewe hujiita Wawayuu, walikuwapo kabla ya merikebu za Alonso de Ojeda kufika pwani hiyo mwaka 1499. Mbuzi, ng'ombe na farasi walioletwa na Wahispania ndio waliompa mwenyeji nguvu ya kumkataa mgeni. Kwani Wawayuu walishika ufugaji, wakafanya biashara ya magendo na Waingereza wa Jamaika na Waholanzi wa Curaçao, wakapata bunduki, na mwaka 1769 wakaasi, hata Uhispania ikaondoka Amerika pasina kuwatiisha.

Mali hiyo ya mifugo ndiyo pia iliyobeba sharia yao. Nasaba huhesabiwa kwa mama, katika koo kama Uriana, Epieyú, Ipuana na Pushaina, na mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba kuliko baba mzazi. Mtu akijeruhiwa au akiuawa, dhima si ya mkosaji peke yake bali ya ukoo wake mzima, nao waliodhulumiwa humtuma msuluhishi, pütchipü'üi, mzee wa maneno ya upole, ambaye huketi chini ya kibanda cha kivuli, akaeleza madai bila kutukana, akarudi na jibu, akaenda tena, mpaka diya ikubalike: mbuzi kadhaa, ng'ombe, na shanga za thamani. Ukoo husaidiana kuilipa, na kwa hivyo kila mjomba ana sababu ya kuwachunga vijana wake. Hekima ambayo mahakama nyingi za mijini hazina.

Mwari naye, akivunja ungo, huwekwa ndani, akafundishwa kufuma mikoba na vitanda vya kuning'iniza, kazi ambayo masimulizi yao huinasibisha na buibui Wale'kerü. Na maiti huzikwa mara mbili: baada ya miaka mifupa hufukuliwa, mwanamke wa ukoo akaisafisha mmoja mmoja, kisha ikapelekwa makaburini kwa jamaa za mama.

Tangu miaka ya 1980 reli ya mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, yapata kilomita 150, imekata malisho ya Wawayuu hadi baharini. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika sharia ya wasuluhishi katika orodha ya turathi za wanadamu. Heshima iliyostahili, ingawa imechelewa mno.