Asili ya Haski wa Siberia
Mbwa ajulikanaye leo kama haski wa Siberia alitokana na mbwa wa Wachukchi, wenyeji wa ncha ya kaskazini-mashariki ya Asia, waliomtumia kwa vizazi vingi kukokota sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji na barafu. Kwa kuwa safari zilikuwa ndefu na chakula haba, hawakuhitaji mbwa wa kuburuta shehena nzito, bali mnyama mwepesi, wa kilo 16 hadi 27 hivi, awezaye kukimbia kutwa kwa mlo mdogo. Manyoya yake yana matabaka mawili, la ndani laini lihifadhilo joto na la nje lizuialo unyevu. Naye alalapo hujikunja duara na kuifunika pua kwa mkia wake wenye manyoya tele.

Mbwa hao walipofikishwa Nome, Alaska, mwaka 1908, walidharauliwa kwa udogo wao, lakini mwaka 1910 kundi la John Johnson lilishinda mbio za maili 408 kwa saa 74 na ushei. Heshima yao kubwa zaidi, waliyoistahili kabisa, ilikuja mwanzoni mwa 1925, dondakoo ilipozuka mjini humo na dawa ikasafirishwa kwa sleji za kupokezana kutoka Nenana, umbali wa maili 674, kwa siku tano na nusu. Sifa nyingi zilimwendea mbwa Balto, aliyeiongoza sleji ya mwisho kuingia mjini, ilhali sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote iliongozwa na Togo, mbwa wa mwendesha sleji Leonhard Seppala; wakati huo Togo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi.