Mfanyakazi anayeonewa: amri ya 1922 na sheria ya 2002

Wazee wetu waliofanya kazi migodini na mashambani waliijua vema amri ya Wabelgiji ya tarehe 16 Machi 1922, juu ya mapatano ya kazi. Mtu akitukanwa na kapita kila siku hata akachoka, akaacha kazi kabla ya mapatano kuisha, aliweza kushtakiwa na kutiwa gerezani. Basi angekimbilia wapi? Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakidai mshahara. Tarehe 9, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa.

Baada ya uhuru ilikuja sheria ya kazi ya 1967, kisha ile ya tarehe 16 Oktoba 2002. Hii ya pili tuitazame vema, ndugu msomaji, kwani wengi wenye haki hawaijui. Yahesabu kuwa kosa zito la bwana wa kazi kumsumbua mfanyakazi, kumtisha, kumpiga au kumtukana vibaya. Tena bwana hawezi kujificha nyuma ya kapita wake: kosa la kapita ni kosa lake. Hata akiwaachia wafanyakazi wengine wamwonee mwenzao, amekosa yeye. Aliyetendewa hivyo aweza kuvunja mapatano mara moja, bila kungoja siku za taarifa. Lakini aandike barua. Asiondoke kwa hasira tu, kimya kimya, kwa maana siku za kuandika zina mwisho wake.

Na yule aliyeshtaki akafukuzwa kwa sababu hiyo? Sheria yasema kushtaki si sababu halali ya kumfukuza mtu. Shauri lake haliendi barazani kwanza. Lapita mbele ya mkaguzi wa kazi, naye huwaita wote wawili, huwasikiliza, hujaribu kuwapatanisha. Wakipatana, huandikwa, wasipopatana, huandikwa vilevile, ndipo baraza la kazi laweza kulipokea.

Hapo dawa ya kwanza iliyotajwa na sheria ni kurudishwa kazini. Fedha zafuata nyuma. Lakini kurudi chini ya bwana uliyemshtaki ni jambo gumu, nao mabwana wengi huona heri kulipa. Asiporudishwa, baraza humkadiria malipo, yasiyopita mshahara wa miezi 36.