Tahadhari kabla ya kununua mtungi mkuukuu wa kupigia mbizi

UZURI wa mkakasi, wahenga walinena, ndani kipande cha mti. Methali hiyo yawafaa wapiga mbizi wanaonunua mitungi ya hewa ya alumini iliyokwishatumiwa, kwani rangi inayong'aa haithibitishi usalama wake.

Mtungi wa kawaida wa aina hii hujazwa hewa hadi shinikizo la pauni 3,000 kwa kila inchi mraba, zaidi ya mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ukipasuka, waweza kumuua aliye karibu. Mikasa hiyo ni nadra, lakini hutokea hasa wakati wa kujaza hewa, na anayekuwa hatarini kwanza ni mhudumu wa mashine.

Kiini cha wasiwasi ni aina ya metali. Mitungi mingi ya zamani iliyotengenezwa Marekani ilikuwa ya aloi iitwayo 6351. Baadaye ilibainika kuwa mtungi wa aloi hiyo, ukikaa na shinikizo kwa miaka mingi, huweza kufanya nyufa polepole shingoni na begani.

Kampuni ya Luxfer iliacha kutumia aloi hiyo nchini Marekani kufikia katikati ya mwaka 1988, ikachukua ile ya 6061, ambayo haina kasoro hiyo. Kampuni ya Catalina ilitumia 6061 tangu mwanzo.

Kwa hivyo, mnunuzi aanze kwa kusoma maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi. Kwenye mitungi ya Marekani, tarehe ya kwanza huonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Zinazofuata ni za majaribio. Mtungi wa kabla ya mwaka 1990 ushukiwe hadi mtengenezaji na aloi yake vijulikane.

Nchini humo, mitungi hii hufanyiwa jaribio la maji kila miaka 5. Hushinikizwa hadi pauni 5,000, kisha hupimwa iwapo imerejea ukubwa wake. Upanuzi unaosalia ukizidi asilimia 10 ya upanuzi wote, mtungi hukataliwa.

Hata hivyo, mtungi wenye ufa shingoni waweza kufaulu jaribio hilo. Ndiyo sababu tangu mwaka 2007, sheria za Marekani zinataka shingo za mitungi ya aloi 6351 zichunguzwe pia kwa kifaa cha umeme kinachotambua nyufa.

Isitoshe, kila mwaka fundi aliyehitimu anapaswa kufungua vali na kumulika ndani. Unga mweupe na vishimo ni dalili za kutu ya alumini, ambayo huletwa na maji ya chumvi. Hujificha pia chini ya kitako cha mpira.

Mtungi uliounguzwa na moto, au kupakwa rangi ya kukaushwa kwa joto kali, usinunuliwe. Alumini iliyopita nyuzijoto 177 za selsiasi huweza kupoteza nguvu zake, na rangi mpya huficha ushahidi.

Uzee pekee haufanyi mtungi kuwa mbovu. Lakini vituo vingi vya kupigia mbizi hukataa kujaza mitungi ya aloi 6351, hata iliyofaulu majaribio. Ni busara kuuliza kituo na kuupeleka mtungi kwa mkaguzi kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa vali ifunguliwe aachiwe mtungi wake.