Ludo bila ugomvi: Sheria za kukubaliana kabla dadu haijarushwa

*Sheria za msingi ni chache, ila za nyongeza hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa.*

*Ugomvi mwingi huanza pale kila mchezaji anapokuja na sheria za kwao.*

*Fedha ikiwekwa mezani, mchezo unageuka kamari na sheria za nchi zinaingia.*

Dar es Salaam. Watu wanne, ubao mmoja na dadu moja. Kwa anayepita njia, ludo ni mchezo wa watoto. Ngoja kete iliyozunguka karibu ubao mzima iliwe ikiwa imebakiza hatua mbili tu kuingia kwenye njia yake ya nyumbani, ndipo utajua kuwa hata watu wazima hununa.

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Tatizo ni kwamba watu wanne wanacheza kwa sheria nne tofauti, na kila mmoja anaamini ya kwao ndiyo sahihi. Mmoja anasema kete inatoka kwa sita tu, mwingine anasema hata moja inatoa. Hapo ndipo kimbembe kinapoanza.

Kama wikendi hii unakutana na washkaji au familia na ubao upo, haya ndiyo ya kujua ili mchezo uishe kwa kicheko.

Ludo imetoka wapi?

Ludo ni mtoto wa pachisi, mchezo wa zamani wa India. Huko hawakutumia dadu, walirusha kauri, yale makombe madogo ya baharini. Jina pachisi linatokana na neno la Kihindi lenye maana ya 25, namba kubwa kabisa ambayo mchezaji aliweza kupata kwa kurusha kauri sita.

Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo wa aina hiyo ulisajiliwa nchini Uingereza, ukiwa na dadu na jina la Ludo. Neno hilo ni la Kilatini na maana yake ni "nacheza".

Wajerumani nao wana wa kwao, ambao Josef Friedrich Schmidt alianza kuuuza mwaka 1914. Unaitwa Mensch ärgere Dich nicht, yaani "Mwanadamu, usikasirike". Mwingine wa ukoo huohuo unaitwa Sorry!, yaani "Samahani". Inaonekana hasira za kuliwa kete hazikuanzia uswahilini.

Vifaa vinavyohitajika

Unahitaji ubao wenye rangi nne, kwa kawaida nyekundu, kijani, njano na bluu, kete 16 (nne kwa kila rangi) na dadu moja. Kete zikipotea, vifungo vya shati au vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi vinatosha.

Kabla ya kuanza, kagua dadu. Dadu ya kawaida ina pande zinazotazamana ambazo jumla yake ni saba: moja inatazamana na sita, mbili na tano, tatu na nne. Dadu iliyolika pembe au yenye upande uliobonyea haina haki kwa mtu yeyote, itupwe.

Tafuta pia kikombe cha kurushia. Mtu anayeachia dadu taratibu kutoka kwenye vidole hukosi kumshuku, hata kama hana nia mbaya. Kikombe kinamaliza maneno.

Namna ya kucheza, hatua kwa hatua

1. Kila mchezaji anachagua rangi na kuweka kete zake nne nyumbani. Wakiwa wawili, wakae kwenye pembe zinazotazamana ili umbali kati yao uwe sawa.

2. Kila mmoja anarusha dadu mara moja. Mwenye namba kubwa anaanza, kisha zamu zinakwenda kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa.

3. Ili kete itoke nyumbani, mchezaji anatakiwa kupata sita. Akiipata, anaiweka kete kwenye mraba wake wa kuanzia.

4. Anayepata sita anarusha tena.

5. Kete inazunguka ubao kwa idadi ya hatua iliyoonyeshwa na dadu. Mzunguko wa nje una miraba 52, na miraba ya kuanzia ya rangi mbili zinazofuatana imeachana kwa hatua 13.

6. Kete ikiangukia kwenye mraba wenye kete moja ya mpinzani, imeila. Iliyoliwa inarudi nyumbani na kusubiri sita nyingine.

7. Baada ya kuzunguka, kete inaingia kwenye njia ya rangi yake inayoelekea katikati. Humo haiwezi kuliwa, kwa sababu wengine hawaingii.

8. Kufika katikati kunahitaji namba kamili. Kama imebaki hatua mbili na dadu ikaleta tano, kete hiyo haisogei. Mchezaji anasogeza nyingine, na kama hana inayoweza kusogea, zamu inapita.

Wa kwanza kufikisha kete zote nne ndiye mshindi. Waliobaki wanaweza kuendelea kugombea nafasi ya pili na ya tatu.

Usishangae mchezo ukichukua muda. Kwenye ubao wa kawaida, kete moja hutembea hatua 56 kutoka mraba wa kuanzia hadi katikati. Kete nne ni hatua 224. Kwa kuwa wastani wa dadu ni 3.5, mchezaji mmoja anahitaji kama mirusho 64 ya kusogeza kete, hapo hajaliwa hata moja na bado hujahesabu muda wa kusubiri sita.

Mambo saba ya kukubaliana kwanza

Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Hakuna jibu moja lililo sahihi katika haya, muhimu ni kundi lichague moja na libaki nalo.

Kete inatoka kwa namba gani? Kwa sita peke yake, nafasi ni moja kati ya sita kila unaporusha. Kati ya wachezaji 100 wanaosubiri sita, takriban 16 watarusha mara 10 bila kuiona. Hao ndio wanaonuna mapema. Kundi likikubali sita na moja zote zitoe kete, nafasi inaongezeka maradufu na mchezo unachangamka. Wengine humpa kila mchezaji kete moja nje tangu mwanzo.

Sita tatu mfululizo? Sehemu nyingi, sita ya tatu inaua zamu. Wengine hufuta hata mwendo wa sita mbili za mwanzo. Ni jambo la nadra, nafasi yake ni moja kati ya 216, lakini likitokea bila makubaliano, meza inawaka.

Kete mbili za rangi moja kwenye mraba mmoja? Kuna wanaosema huo ni ukuta, mpinzani hali wala hapiti. Wengine wanasema anapita ila hali. Na wapo wanaosema anakula zote mbili. Tofauti hii inabadilisha mchezo mzima, kwa hiyo isiachwe hewani.

Miraba salama ipo? Mbao nyingine zina miraba yenye alama ya nyota ambako kete haziliwi, nyingine hazina. Amueni pia kama mraba wa kuanzia ni salama kwa kila mtu, kwa mwenye rangi yake tu, au si salama kabisa.

Kula ni lazima au ni hiari? Waliozoea drafti huja na msimamo kuwa kula ni lazima. Kwenye ludo wengi huacha iwe hiari, maana wakati mwingine kula kunakupeleka mbele ya kete tatu za adui.

Anayekula anapata nini? Baadhi humpa mrusho wa ziada. Wapo pia wenye sheria kali kwamba mchezaji ambaye hajala kete hata moja haruhusiwi kuingiza kete zake kwenye njia ya nyumbani. Sheria hiyo inalazimisha vita, hivyo anayecheza kwa kukimbia tu aambiwe mapema.

Dadu ikianguka chini? Njia rahisi ni kwamba dadu iliyotoka nje ya meza au mkeka, au iliyoegemea kitu, inarushwa upya bila mjadala. Kete ikishasogezwa na mkono kuachia, mwendo haurudishwi.

Bahati ipo, akili nayo ipo

Dadu haipangwi, ila kete ya kusogeza unaichagua mwenyewe. Hapo ndipo mchezaji mzoefu anapomwacha mgeni.

Angalia nyuma yako. Kete yako ikiwa hatua moja hadi sita mbele ya kete ya adui, kila anaporusha ana angalau nafasi moja kati ya sita ya kukula. Ukisogea hadi hatua ya saba, sasa anahitaji kupata sita kwanza na kisha moja, na nafasi yake inashuka hadi moja kati ya 36. Hatua moja tu imekuokoa.

Wakiwa maadui wawili nyuma yako kwa umbali tofauti, wote ndani ya hatua sita, hatari inakuwa kama moja kati ya tatu. Hapo afadhali kuhamisha kete hiyo kuliko kutoa mpya.

Usitegemee kete moja. Anayekimbiza kete moja peke yake akiliwa anarudi sifuri. Ukiwa na mbili au tatu nje, kila namba inayokuja ina kazi. Hii inasaidia zaidi mwishoni, kwa sababu kete iliyobakiza hatua moja inahitaji moja kamili, nafasi moja kati ya sita kila unaporusha. Wakati inasubiri, nyingine iwe inatembea.

Na usidanganywe na hisia. Dadu haikumbuki. Mtu aliyerusha mara tisa bila sita hana "deni" na dadu. Mrusho wa kumi una nafasi ileile ya mrusho wa kwanza.

Kundi likizidi watu wanne

Wakiwa wanane, wapange wawili wawili kwa kila rangi: mmoja arushe, mwenzake aamue kete ya kusogeza, kisha wapokezane kila zamu. Watoto wadogo wakiunganishwa na wakubwa kwa namna hii hujifunza kuhesabu bila kuambiwa wanajifunza.

Wakiwa wanne, wanaweza pia kucheza kwa timu mbili, wanaotazamana wakiwa upande mmoja. Hawalani, na timu inashinda pale kete zote nane zinapofika. Kubalianeni kama kuelekezana kwa mdomo kunaruhusiwa.

Wanaosubiri nje wawekewe utaratibu. Ule wa kibarazani unafaa: aliyeshika mkia anapisha. Na watazamaji wasimwelekeze mchezaji, maana ushauri wa pembeni umevuruga michezo mingi kuliko dadu mbovu.

Ludo ya kwenye simu

Kama ubao haupo, simu moja inatosha. Ludo King, mchezo uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Gametion ya India, ulipata umaarufu mkubwa mwaka 2020 wakati watu wengi duniani walipokuwa wamejifungia ndani kwa sababu ya korona. Unaruhusu watu kucheza kwa kupokezana simu moja bila intaneti, hivyo bando haliguswi.

Faida ya simu ni kwamba programu yenyewe ndiyo refa. Haihesabu vibaya na haisahau zamu. Lakini inacheza kwa sheria zake, kwa hiyo aliyezoea sheria za simu anapokuja kwenye ubao wa mbao ndiye anayehitaji kuelezwa zaidi.

Kuwa makini na programu zinazotaka uweke fedha ili ucheze na watu usiowajua. Huo si mchezo wa kupitisha jioni tena.

Fedha ikiwekwa mezani

Kwa Tanzania, michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Anayeendesha michezo ya aina hiyo anatakiwa kuwa na leseni, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki. Kijiwe kinachokusanya dau kwa kila mchezo hakiwezi kujitetea kuwa "ni ludo tu".

Ukiacha sheria, fedha inaua urafiki. Kete ikiliwa bila dau, mtu ananuna dakika tano. Ikiliwa na nauli yake ya kesho, habari inakuwa nyingine.

Kama kundi linataka kitu cha kushindania, zipo njia nyepesi: wa mwisho aoshe vyombo, achemshe chai, au apange viti wiki ijayo.

Kabla ya mrusho wa kwanza

Mtu mmoja asome kwa sauti yale mambo saba, kila moja lipewe jibu, na majibu yaandikwe kwenye karatasi au yatumwe kwenye grupu la WhatsApp. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Likizuka jambo ambalo halikuandikwa, rusheni dadu: namba shufwa upande mmoja, witiri upande wa pili. Uamuzi huo utumike hadi mchezo uishe, na kama kuna asiyeupenda, aulete kwenye mjadala wa mchezo unaofuata.